Doti Moja ya Angani

(Maneno niliyosema Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana wa filamu, mafundi wa pwani na wazee waliokubali mwaliko. Nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka mdomoni.)

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Mliokuja kwa sababu mmesikia kuna sambusa, sambusa zipo, ila zinatoka mwisho. (Kicheko)

Mnanifahamu. Mimi ndiye yule binti wa kamera. Harusi za mitaa hii nimezipiga mpaka najua nani analia kwa furaha na nani analia kwa sababu ya bili ya ukumbi. Leo sijaleta harusi. Nimekuja kuwaomba tutengeneze tamthilia ya safari za nyota, humuhumu Tanga, na tuiweke ndani ya ulimwengu wa Star Trek.

Nimeusikia mguno huo kule nyuma. Subirini kwanza.

Kwa wasioijua, Star Trek ni tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ikaanza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966. Chombo kinazunguka kati ya nyota, ndani yake watu wa kila rangi na jamaa mmoja wa sayari ya Vulcan mwenye masikio ya ncha na moyo usiocheka. Ilifungwa mwaka 1969 ikiwa na vipindi 79, kisha ikafufuka na kuzaa watoto na wajukuu hata nimeacha kuhesabu. Katika chombo kile cha kwanza, aliyekaa kwenye mitambo ya mawasiliano, kidude sikioni, ni dada mweusi aitwaye Uhura. Jina hilo limekatwa kwenye kitambaa chetu. Ni uhuru, wakalilainisha mwisho. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, usiku ule wa 1966, kinahusu zimwi linaloua watu kwa kuwafyonza chumvi mwilini. Zimwi hilo hujigeuza sura ya mtu ambaye ungependa kumwona. Likamfikia Uhura. Likajigeuza mwanaume mweusi, mtanashati, likamsemesha Kiswahili. Yaani Kiswahili kiliingia Star Trek siku ya kwanza, kikiwa mdomoni mwa jini mla chumvi! (Kicheko) Lingetua hapa kwetu kwenye mashamba ya chumvi lisingemgusa mtu, lingeomba kibarua.

Mwaka uliofuata kuna kipindi Uhura anafutwa kumbukumbu zote, anafundishwa upya kusoma, na akikasirika Kiswahili kinamtoka. Katika tamthilia mpya ya 2022 wametuambia kwao ni Kenya. Majirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro wamepata, hongera zao, sisi hatuna kijicho. Hatuna kikubwa. (Kicheko)

Lakini angalieni. Miaka yote hiyo tumo chomboni, ila tumo kama jina na kama pambo. Lugha yetu imevalishwa, haijapewa kazi. Sijawahi kuona hadithi ambayo chombo kinaokoka kwa sababu kuna mtu ndani yake anayejua Kiswahili na mambo ya Waswahili. Hiyo ndiyo hadithi ninayoitaka.

Nilianza na vipindi 10. Nilikuwa na daftari zima. Kisha nikasoma masharti ya wenye mali, wakati huo CBS na Paramount, waliyoyatoa Juni 2016 kwa mashabiki wote duniani. Yalitoka baada ya kikundi kimoja cha Marekani kukusanya zaidi ya dola milioni 1 kutengeneza filamu yao, wakashtakiwa Desemba 2015, wakamalizana na wenye mali Januari 2017. Masharti ni haya: hadithi moja isizidi dakika 15, au ivunjwe vipande 2 visivyozidi dakika 30 kwa jumla. Hakuna msimu wa pili, hakuna mwendelezo. Asilipwe mtu. Isiuzwe. Jina lisibebe maneno Star Trek, ila chini yake iandikwe kwamba ni kazi ya mashabiki. Mchango usizidi dola 50,000. Hili la mwisho halinitishi, maana sanduku letu nilipolifungua jana lilikuwa na noti chache na kifungo cha shati. Halafu hakuna matusi, hakuna pombe, hakuna sigara wala mtu uchi. Hapo nilicheka. Ni kama wamekaa na masheikh wetu kabla ya kuandika.

Nililia vipindi vyangu 8 vilivyokufa, sikatai. Ni mama aliyenitoa. Alikuwa anakunja nguo, akaniuliza, "Umeruhusiwa vipande vingapi?" Nikamwambia 2. Akasema, "Basi hiyo si ni doti."

Doti! Kanga haiuzwi kipande. Ni vipande 2, pindo moja, mji mmoja, jina moja. Kimoja unajifunga, kingine unajitanda. Toka siku hiyo kazi yetu ina jina. Inaitwa Doti.

Niwape kisa chenyewe.

Mwaka 1991 tamthilia nyingine ya Star Trek, iitwayo The Next Generation, ilirusha kipindi kuhusu taifa la Watamaria. Kila chombo kina mtambo wa kutafsiri lugha zote, na mtambo huo unawatafsiri Watamaria neno kwa neno, lakini hakuna anayewaelewa. Kwa nini? Kwa sababu hawasemi jambo lenyewe. Wanataja hadithi. Akitaka kusema "tupambane pamoja tuwe marafiki," anataja tu majina ya mashujaa wawili na mahali walipokutana, basi. Asiyeijua hadithi anabaki ameduwaa. Mahali hapo, kwa taarifa yenu, panaitwa Tanagra. Toeni herufi 2, a na r, mniambie kinachobaki. (Kicheko na makofi)

Waandishi wale walidhani wamebuni watu wa ajabu kupita kiasi. Mimi nilipokiona mara ya kwanza nilisema hawa si wageni, hawa ni shangazi zangu.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, aligombana na jirani yake kwa ajili ya kuku. Kuku aliingia kwa jirani akiwa mzima, hakutoka. Hawakusemeshana zaidi ya wiki mbili, lakini walizungumza kila siku. Asubuhi moja jirani akaanika kanga kambani, jina limeelekea dirishani kwetu: "Mdhaniaye siye kumbe ndiye." Bibi hakusema kitu. Aliingia ndani, akafungua sanduku, harufu ya udi ikatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuwa hajui kusoma sana, kwa hiyo hakukunjua. Alipitisha kidole kwenye kingo za kanga zilizokunjwa, moja baada ya nyingine, anazijua kwa rangi ya pindo. Akatoa moja nusu, akairudisha. Akatoa nyingine. "Wema hauozi." Akajifunga, akahakikisha jina limekaa sawasawa nyuma, ili lisomeke akishapita. Akapita. Taratibu. Halafu mimi nikatumwa kwa huyohuyo jirani kuazima chumvi, na chumvi tulikuwa nayo tele. Nilitumwa nikaangalie uso wake.

Huo ni mtambo wa mawasiliano, ndugu zangu. Uhura angekaa pale na kidude chake sikioni angeambulia kimya tu.

Basi katika kipande cha kwanza cha Doti, chombo chetu kinakuta chombo cha Watamaria kimekwama, hakijibu. Ofisa wetu Mvulkani anajaribu mitambo yote. Hola. Kiongozi wa Watamaria anapanda chomboni kwetu, anasema maneno yake, hakuna anayeambulia. Hapo anatokea mpishi, bimkubwa mmoja, na sinia la chai. Hakuja kufanya diplomasia, amekuja kuuliza mgeni anakula nini. Akigeuka, Mtamaria anaona maandishi mgongoni: "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Mtambo unayasoma kwa sauti. Mvulkani anauliza, huyo dereva ni nani, mbona hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi? (Kicheko) Lakini Mtamaria amenyamaza. Kwa mara ya kwanza mtu amemsemesha kama watu wanavyosemeshana kwao.

Wengi mngeishia hapo, mngepiga makofi, bimkubwa ameshinda. Mimi nakataa. Kipande cha pili ndicho kinachoniuma. Mtamaria anajibu kwa fumbo lake, na bimkubwa analichukulia kuwa kijembe, kwa sababu kwao, uswahilini, maneno ya sura ile yangekuwa kijembe. Anajibu kwa kijembe. Mambo yanaharibika. Mngoje niwaambie kosa liko wapi. Kanga ya bibi yangu ilifanya kazi kwa sababu yeye na jirani wote wawili walimjua yule kuku. Fumbo bila kuku wa pamoja ni kelele. Kwa hiyo bimkubwa inambidi afanye jambo ambalo mwanamke wa pwani mwenye heshima zake hulichukia, aeleze fumbo lake waziwazi, aanze mwanzo, na amsikilize mwenzake naye aeleze. Wanavyomaliza sisemi. Njooni mwigize.

Sasa chombo. Hapa ndipo nilipowaalika wazee wa Sahare na mafundi wa majahazi, msidhani mmekuja kujaza viti.

Vyombo vya Star Trek huenda kasi kuliko mwanga kwa injini zinazokunja anga. Lakini mwaka 1993 tamthilia ilitoa kipindi kinachoonyesha kwamba injini hizo, zikipita mahali pamoja sana, zinaichana anga yenyewe. Serikali yao ikaweka kikomo cha mwendo. Mimi nikajiuliza, huko kulikokwisha kuchanika watu wanaishi vipi? Nani anawapelekea dawa na mbegu? Jibu langu ni chombo cha tanga. Mji wetu umebeba neno hilo miaka yote hii, tunalitamka kila siku tukikata tiketi ya basi, hatulifikirii.

Na tanga la angani si ndoto. Mwanga wa jua unasukuma. Nguvu yake ni ndogo mno. Kwa umbali wetu huu kutoka juani, tanga la mita 1 ya mraba linasukumwa kwa nguvu isiyozidi uzito wa punje moja kubwa ya mchanga. Lakini haukatiki, na huko hakuna kinachokuzuia. Mwaka 2010 Wajapani walirusha chombo kiitwacho IKAROS, tanga lake mita 14 kwa 14, jembamba kuliko unywele kama mara 10, likakisukuma njiani kuelekea sayari ya Zuhura. Mwaka 2019 kikaruka LightSail 2 cha Marekani, kikabadili njia yake kuizunguka dunia kwa mwanga mtupu.

Nilipomweleza haya mzee mmoja pale Sahare, nahodha wa siku nyingi, alikuwa anashona nyavu wala hakuinua macho. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanga unatoka jua liliko, siku zote. Ni upepo wa upande mmoja usiogeuka kuwa kaskazi wala kusi. Utarudije?"

Nikamwambia chombo tayari kinakwenda kasi kulizunguka jua. Ukilaza tanga upande huu, mwanga unakuongezea mwendo, unapanda mbali. Ukiligeuza upande wa pili, mwanga unapunguza mwendo wako, na jua lenyewe linakuvuta urudi.

Akaacha nyavu. Akachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu, duara, kisha mstari umelala juu ya duara. Akasema, "Kumbe jua ni upepo, na jua ni mkondo. Unabishana na mmoja ili ukubebe mwingine." Wanafunzi wa fizikia huhitaji muhula mzima kufika hapo. Mzee huyu ndiye mshauri wetu wa ubaharia, na sharti lake la kwanza ni kwamba asisikie mtu akisema "kapteni" katika filamu hii. Ni nahodha. Chini yake serahangi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na wa kumwaga maji ngamani atafutiwe kitu kingine cha kumwaga, maana angani hakuna maji.

Chombo kinaitwa Silikanti. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na madinosauri, kama miaka milioni 66 iliyopita, mpaka akavuliwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Sisi hapa wavuvi walianza kumtoa kwenye nyavu zao miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Chombo cha tanga katika zama za injini za ajabu kitaitwaje kama si hivyo?

Sasa turudi kwenye ule mguno. Aliyeguna ni mzee wangu, mpenzi wa mashairi, na wiki iliyopita aliniambia ana kwa ana, kwa jina la kanga: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Maana yake, hadithi zetu ziko wapi mpaka ukaazime za Wamarekani?

Limenikaa rohoni. Najibu hivi. Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha takhmisi. Mshairi anachukua mishororo 2 ya mwenzake aliyemtangulia, haibadilishi hata silabi, anaongeza yake 3, ubeti unakuwa wa mishororo 5. Watu walivyofanya kwa Liyongo, mshairi na shujaa wa kale wa pwani. Hatujawahi kumwita mwizi. Tunampima kwa jambo moja, hiyo 3 yake imeitendea haki ile 2? Doti ni takhmisi. Mishororo yao sitaigusa, na masharti yenyewe yanakataza kuchukua hata kipande cha picha zao. Nataka mnipime kwa ile yangu.

Halafu hii habari ya kwamba anga si letu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga. Mwaka 1951 alituandikia Kusadikika, nchi inayoning'inia angani, inayotuma wajumbe 6 pande zote, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mema ya kuleta nyumbani. Wakirudi wanatiwa gerezani. Ilikuwa miaka 15 kabla ya Uhura kukalia kiti chake. Tungekuwa na kamera wakati ule, nani anajua nani angeomba ruhusa kwa nani.

Kuhusu vifaa sitawachosha. Mnaoogopa gharama, jueni kwamba wale wa 1966 walibuni watu kusafirishwa kwa miale kwa sababu hawakuwa na pesa za kuonyesha chombo kikitua kila wiki. Miale yenyewe ilikuwa unga wa alumini uliomulikwa ukianguka, wakaupiga picha kamera ikiwa kichwa chini. Baadhi ya vyombo vya daktari vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani. Chumvi tena! Sisi tayari tuna mlango wa friji iliyokufa, vitufe vya kikokotoo, na turubai la fedha la mtu wa tenti za harusi ambaye hajui kwamba nalihesabu. (Kicheko)

Makosa tumeshayafanya. Tulijaribu dakika 4 ndani ya mapango ya Amboni, tukayafanya sayari. Picha nzuri ajabu. Sauti ni popo mwanzo mwisho. Kila Mvulkani akifungua mdomo, dari inamjibu. Nimejifunza, sayari yetu ya pili itakuwa wazi, ufukweni, maji yakiwa yamekupwa.

Ninachoomba ni hiki. Mafundi cherehani 2 wa kushona sare, kwa sababu za dukani haziruhusiwi kama si halali za wenyewe, nasi hatuna za kununua. Kijana mrefu, mkavu, anayeweza kukaa dakika 15 bila kutabasamu akitaniwa na wanawake wa Tanga, awe Mvulkani wetu. Najua ni kazi ngumu kuliko zote. Maombi ya kibali cha Bodi ya Filamu nayaandaa mwenyewe. Na kina mama, naomba mfungue masanduku. Sitaki kanga mpya za dukani. Nataka ile uliyoinunua kwa sababu ya mtu fulani, ukaivaa siku moja, na aliyeambiwa akaelewa. Ukinipa, niambie na kuku wako alikuwa nani. Sitamtaja.

Jumamosi ijayo ni bamvua. Maji yatakuwa chini kabisa kwenye saa 4 asubuhi, tukutane Raskazone saa 2 na nusu tupime mwanga. Mje na viatu vya mpira, kule kwenye mwamba kuna shokishoki wa baharini, wale wenye miba.

Haya, sambusa. Wazee kwanza.